Namba Alizozitunga Liz

Asubuhi za likizo ya Aprili, Liz ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye banda la kukaushia omena, wale dagaa wa ziwani, pale Karungu. Alipangusa vumbi kwenye kompyuta kuukuu, akaiwasha, kisha akashika tama kusubiri ziwa limpe habari. Hivyo ndivyo alivyopenda kuiita kazi yake. Wengine walisema tu kwamba anasoma kipimo.

Kipimo chenyewe kilifungwa kwenye nguzo karibu na maji. Mwalimu Mayaka, aliyefundisha sayansi shuleni kwao, alikuwa amekileta kutoka karakana moja ya Homa Bay. Kilipima unyevu wa hewa na kuutuma kwa waya mrefu hadi nyuma ya kompyuta, tarakimu moja nyuma ya nyingine, kama watoto kwenye foleni ya uji. Liz alinakili namba ubaoni. Ikiwa ndogo, hewa ni kavu, akina mama wa banda walitandaza omena kwenye nyavu. Ikiwa kubwa, mvua i karibu, walisubiri. Kiongozi wao alikuwa Millicent, nyanya yake Liz, ambaye Liz alimwita Dani kama Waluo wote wafanyavyo. Dani ndiye aliyewaambia wenzake, "Mjukuu wangu anaweza hii kazi." Liz alivimba kichwa wiki nzima.

Sasa, mtoto huyu alikuwa na lake moja: kuota mchana. Ungemkuta macho yake yako wazi na yeye hayupo.

Siku moja skrini ilionyesha 5#Ñ, kisha @7ÿ. Mwingine angeshtuka. Liz alitabasamu. "Ziwa linaniandikia kwa lugha yake," aliwaza. Mara akajiona akitembea juu ya maji bila kulowa, upepo umebeba harufu tamu ya unga wa moto, visiwa vikisogea taratibu kumpisha.

"Liz! Hewa ikoje?" Dani aliita kutoka nje.

Alizinduka. Ubao ulikuwa mtupu. Angesemaje hajui, naye alishasifiwa mbele za watu? Aliandika 52, namba ya hewa kavu. Bahati nzuri jua liliwaka mpaka jioni, na hakuna aliyegundua. Tangu hapo, kila alama hizo zilipokuja, Liz alizifuta kwenye skrini, akatunga namba ya kupendeza na kurudi kwenye ndoto zake.

Bahati haikai. Mchana mmoja aliandika 50, na akina mama wakatandaza omena yote iliyovuliwa usiku. Kabla hawajamaliza kunawa mikono, mvua ilishuka kwa kishindo. Walikimbia, wakateleza, wakakusanya walichoweza. Kufikia kesho yake omena ilikuwa inanuka. Mnunuzi kutoka Homa Bay aliinusa mara moja tu.

"Mama, hii ni ya kuku," alisema, akaondoka.

Akina mama walimgeukia Dani. "Mashine yenu itolewe hapa!" Dani aliinama. Liz alimwona akiokota omena zilizooza moja moja, na moyo wake ukamuuma vibaya sana.

Mwalimu Mayaka aliitwa. Alihakikisha kwamba kipimo na kompyuta vinaongea kwa kasi moja. Vilikuwa sawa. Akakileta kipimo mezani, akakiunganisha kwa waya mfupi. Namba zilikuja safi.

"Liz, hujawahi kuona kitu cha ajabu kwenye skrini?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi sioni ugonjwa wa kutibu. Nitakirudisha Homa Bay leo."

Liz alimtazama Dani. Kipimo kikienda, aibu ingebaki na Dani, aliyemtetea. Machozi yalimtoka.

"Nimedanganya! Kulikuwa na alama nyingi. Nilizifuta. Zile namba nilizitunga mimi."

"Yawa, Liz!" Dani alimaka kwa mshtuko, akaketi chini.

Mwalimu alimsogelea. "Zilikuja wakati gani?"

"Sijui. Nilikuwa naota." Liz alifumba macho akajaribu kuirudia ile ndoto. "Kulikuwa na harufu ya unga. Kila mara, harufu ya unga."

"Kisiagi!" alidakia Ochieng, baba yake Liz, aliyekuwa mlangoni na wavu wake begani. Kinu hicho cha mahindi kilikuwa nyuma ya banda.

Waliufuata waya. Kumbe ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa stima wa kisiagi, kwa uzi wa nyavu na mafundo ya kupendeza, kutoka nguzo hadi ukutani.

"Ni mimi nilifunga," Ochieng alisema. "Kamba mbili zikienda njia moja, sisi wavuvi tunazifunga zisitatizane."

Mwalimu alicheka. "Kamba ni sawa. Lakini mota ya kisiagi ikiwaka, waya wa stima unapiga kelele, na huu mwembamba unazidaka. Tano inaondoka kule ikiwa tano, inafika hapa imeharibika."

Walikata mafundo, wakaupitisha ule mwembamba upande wa pili, kwenye nguzo zake peke yake. Kisha wakawasha kisiagi. Wote waliikodolea skrini macho: 84. Tena 84. Ochieng alipiga makofi. Dani hakupiga.

Alimpa Liz kazi yake tena, ila hakumsifu. Hilo Liz alilibeba moyoni siku nyingi.

Kisha, asubuhi moja, mbuzi alitafuna waya. Skrini ilijaa takataka. Akina mama walikuwa nje na beseni zao, na jua lilikuwa linapendeza. Liz alichukua chaki. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: SIJUI.

Dani aliusoma ubao, akatazama mawingu upande wa ziwa. "Tusitandaze kwanza," aliwaambia wenzake. Muda si muda manyunyu yakaanza, na omena yote ilikuwa salama chini ya paa.

Dani aliingia ndani, akamshika mjukuu wake bega.

"Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, "ukiona kitu kimeharibika, sema kimeharibika, hata kama unaona haya. Ukikipamba, sisi tunalala, hatuangalii tena mawingu. Leo umesema hujui, nasi tukaangalia wenyewe. Sasa naweza kukuamini."