Kura Zilizotoka Chooni

Mambo yaliharibika Jumatatu, siku iliyofuata uchaguzi wa diwani. Binti yangu, tunayemwita Chiriku kwa kupenda kwake kusema, alikuwa na zamu ya kusafisha vyoo vya shule. Alimwaga maji, yakagoma kushuka. Alipochokoa kwa kijiti, zikaibuka kura, zote za mgombea aliyetangazwa kushindwa.

Mwalimu mkuu, ambaye ndiye aliyesimamia uchaguzi pale shuleni, akamkuta ameinama.

"Sukumia humo humo," akamwambia. "Ukifungua mdomo, mtihani wa mwisho utaufanyia jikoni kwenu."

Chiriku akangoja aondoke. Akazitoa, akazitia kwenye mfuko, akaniletea kibandani ninaposhonea viatu. Kisha akanong'ona, yeye ambaye tangu mama yake atutoke ndiye redio ya nyumba yetu.

"Baba, nikisema watanifukuza?"

"Wanaweza. Hao wakubwa hawaoni haya, mwanangu. Suti safi, kazi za chooni. Lakini ukinyamaza utakuwa umewafulia uchafu wao bure."

"Basi nitasema."

Nikampelekea mfuko yule mgombea, akafungua kesi. Siku ya ushahidi, wakili wa mshindi aliziba pua kwa leso.

"Mheshimiwa Hakimu, takataka hizi zinanuka. Ni za kuletwa mahakamani?"

"Shikamoo, mjomba," Chiriku akasema. "Nimezitoa chooni. Ulitaka zinukie marashi?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuwa akijifuta jasho. Chiriku akaeleza yote, hata kile kitisho cha mtihani. Hakimu aliagiza karatasi zikaguliwe, na mihuri ya kituo ikaonekana ni halali. Matokeo yakabatilishwa, ikaamriwa uchaguzi urudiwe.

Kabla ya kuinuka, Hakimu akamtazama binti yangu.

"Mwanangu, mwongo alificha mambo yake pachafu akidhani hakuna atakayetia mkono. Wewe umeutia. Mkono ukichafuka kwa ajili ya ukweli, maji na sabuni vinatosha. Moyo ukichafuka kwa uongo, sabuni yake haipo dukani. Na mtihani utaufanya. Hiyo ni amri yangu."

Mtihani aliufanya, akafaulu.

Juzi tangazo la uchaguzi wa marudio lilibandikwa langoni mwa shule. Kituo ni kile kile. Msimamizi ni yule yule mwalimu mkuu. Nimemuuliza afisa wa uchaguzi, akaniambia niende kwa mkubwa wake. Mkubwa wake akanirudisha kwa afisa. Swali langu ni moja tu: aliyezitupa kura zetu chooni, nani amempa tena sanduku alilinde?