Cheche na Injini ya Alumini

Mtaani kila mtu alimwita Cheche. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, na mageti mengi ya mtaa ule yalitoka mikononi mwake. Mke wake alioka mikate. Kila asubuhi Cheche alipanga makreti ya mikate ndani ya gari lao kuukuu, akampeleka mkewe kwenye kantini ya hospitali, kisha akaenda karakana. Njiani walizungumza, wakabishana, wakacheka. Yalikuwa maisha matamu, ila Cheche hakuwahi kusema hivyo kwa mdomo wake.

Siku moja injini ilichemka. Maji yalikuwa yanavuja kwenye ufa wa kifuniko kidogo cha alumini, pale bomba la maji ya kupoza kutoka kwenye rejeta linapoingia kwenye injini. Gari likalala.

"Mikate haiwezi kusubiri," mke wake alisema. "Nimemwomba jirani anibebe."

Jirani huyo alikuwa fundi wa magari. Watu walimwita Makanika. Alikuwa na pikapu, hakuwa na mke, na alikuwa na sauti nzuri. Cheche aliyaona hayo yote kwa mpigo.

"Shemeji, karibu!" Makanika alimwambia mke wa Cheche asubuhi iliyofuata, huku akipokea kreti.

Hilo "shemeji" lilimchoma Cheche. Mbona alilivuta hivyo? Pikapu ilipoondoka, naye akapanda baiskeli akaifuata. Alijiambia kwamba anakwenda kununua vijiti vya kuchomelea. Duka la vijiti lilikuwa upande mwingine kabisa, lakini mwenye wivu haulizwi njia.

Pikapu ilisimama mbele ya hospitali. Makanika alishuka kwanza. Kisha, Cheche akaona kwa macho yake, mke wake akatokea mlango uleule wa dereva! Makanika alimshika mkono kumteremsha. Wote wawili walikuwa wanacheka. Cheche alikodoa macho mpaka baiskeli ikaingia mtaroni.

Alirudi nyumbani anachechemea, roho juu. "Nitalitengeneza mwenyewe," alisema. "Leo hii hii."

Injini ilikuwa imepoa. Kifuniko kilishikwa na boliti mbili za chuma. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilikataa. Cheche alichomeka bomba refu kwenye spana ili apate nguvu zaidi, akavuta. Boliti ikakatika, kipande kikabaki ndani.

"Si kitu," alisema. "Kuchomelea ni kazi yangu."

Alikata kibati cha chuma, akakiweka juu ya ufa, akawasha mashine. Chuma kikipata moto huwa chekundu, nawe unajua wakati wa kuacha. Alumini haikubadilika rangi hata kidogo. Cheche akaongeza moto. Ghafla kifuniko kiliyeyuka kama mshumaa, pakabaki tundu la kupitisha kidole gumba.

Mke wake aliporudi alilikuta tundu, na mumewe amekaa kando yake.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimechomelea."

"Nimwite jirani?"

"Usimwite!"

"Haya. Basi kesho napanda pikapu tena."

Cheche aliifikiria ile pikapu. Akaufikiria na ule mkono.

"Mwite," alisema.

Makanika alikuja na sanduku lake la vifaa. Aliinama, akatazama, hakucheka. Jambo hilo nalo lilimuudhi Cheche.

"Ulitoa waya wa betri kabla ya kuchomelea?" Makanika aliuliza.

"Hapana."

"Siku nyingine uutoe. Umeme wa mashine unaweza kuunguza vifaa vya gari. Halafu, chuma na alumini haviungwi kwa mashine hii. Alumini inayeyuka mapema, chuma bado hakijalainika. Hata vikishikana, kiungo kinakuwa kikavu kama biskuti. Injini ikitikisika, kinavunjika."

"Sasa vinaunganishwaje?" Cheche aliuliza kwa shingo upande.

"Kwa boliti, na gasketi katikati ya kifuniko na injini ili maji yasivuje."

"Boliti si ilikuwepo? Mbona iling'ang'ania?"

"Mlikuwa mnatia maji gani kwenye rejeta?"

"Ya bomba," mke wake alijibu.

Makanika alikwangua pembeni ya tundu la boliti. Unga mweupe ukadondoka. "Chuma na alumini vikigusana penye maji, alumini inalika. Unga wake ni huu. Umejaa kwenye nyuzi, ile mistari ya kuzungushia boliti, ukaibana. Ndiyo maana tunatia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Yanazuia ulaji huo."

Cheche aliutazama unga ule. Fundi ni fundi. Alisahau kununa kwa muda.

Makanika alitoboa kile kipande cha boliti kilichobaki, akakitoa. Akapachika nyuzi mpya za chuma ndani ya tundu la boliti, kwa kuwa zile za alumini zilikuwa zimekwisha. Alisafisha, akaweka gasketi mpya na kifuniko kipya. Boliti mpya alizipaka grisi maalumu ya kuzuia kukwama. Kisha akampa Cheche spana ya kipimo.

"Kaza wewe. Ikilia, acha. Ukitumia nguvu za geti hapa, utaharibu tena."

Cheche alikaza. Spana ikalia. Akaacha. Lakini moyo wake ulikuwa haujaacha.

"Mbona unamshika mke wangu mkono?"

Makanika alipigwa na butwaa. Mke akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Mlango wa upande wangu haufunguki!" alisema. "Bawaba imekatika. Ilibidi niruke gia nitokee upande wa dereva, gauni likanasa. Ungeniuliza ningekwambia. Wewe ulinuna tu!"

"Nilitaka kukuomba unichomelee," Makanika alisema. "Lakini kwa jinsi unavyonitazama, niliogopa."

Cheche aliona aibu, akajikuna kichwa. "Bawaba ni ya chuma?"

"Chuma."

"Na mlango?"

"Chuma kitupu."

"Ilete."

Pikapu ikaletwa. Cheche alivaa miwani yake ya kazi, akashika mashine, kisha akasimama.

"Toa waya wa betri kwanza," alisema.

Chuma kilipopata moto kikawa chekundu, na Cheche alijua wakati wa kuacha. Mlango ukafunguka na kufungwa vizuri.

Tangu siku hiyo gari halijachemka tena. Rejeta inajazwa kulanti, na Cheche haifungui kabla injini haijapoa. Ni kweli kwamba Makanika akipita na kusema "Shemeji!", Cheche bado hukohoa kidogo.

Asubuhi ya kwanza baada ya matengenezo, walifika hospitali wakibishana kama zamani. Cheche alizima gari, akashuka, akazunguka mbio hadi upande wa mkewe, akafungua mlango na kunyoosha mkono.

"Baba watoto, mlango wetu ni mzima," mkewe alisema.

"Najua," Cheche alisema, mkono wake ukiwa bado umenyooshwa.