Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti wa mshona nguo alisimama mbele ya kioo cha wateja akajipima mkono kwa futi ya mama yake. Alama nyeupe zilizojiviringa kutoka begani hadi kwenye kiwiko alizaliwa nazo. Jana inchi tisa, leo inchi tisa! Miezi miwili anameza vidonge, tangu siku ile alipoanguka jikoni, na alama hazijapungua hata kidogo.

"Dawa gani hii? Uongo mtupu!" alifoka.

Shuleni walimwita Ramani. Jua liwake vipi, yeye alivaa mikono mirefu, na bado mwenzake wa dawati alijisogeza pembeni asije akaambukizwa. Aambukizwe nini? Ujinga ulikuwa wao, mzigo akabebeshwa yeye.

Basi mama alipoinama kupuliza pasi ya mkaa, binti alikitema kidonge na kukitumbukiza kwenye kopo la vifungo vyeupe. Akafanya hivyo siku tisa.

Siku ya kumi alianguka, hatua moja tu kutoka kwenye pasi ya moto. Mwili ulikakamaa, ukatetemeka, kopo likamwagika. Mama aliisukuma pasi mbali, akamlaza ubavu, akangoja huku akilia. Binti alipozinduka, alimkuta mama ameshika vifungo visivyo na matundu.

"Nini hiki? Unataka kuniua kwa presha?"

"Havifuti alama! Ulisema nitapona!"

"Nani kakwambia ni vya alama?"

"Sasa ni vya nini? Mbona hukuniambia?"

Mama alivifunga vidonge kwenye leso, akamwinua.

Hospitalini, daktari aliposikia habari hiyo alivua miwani kwa hasira.

"Binti, una ugonjwa wa nadra uliogusa ngozi na ubongo tangu ukiwa tumboni. Hauambukizi. Alama zitabaki, wala hazikudhuru. Kidonge ni cha kuzuia kifafa."

"Polepole, daktari," mama alinong'ona akitazama mlango. "Watu watasikia."

"Wasikie! Mficha maradhi kifo humuumbua, na leo kimebakiza hatua moja. Na wewe binti, dawa usiyoielewa uliza, usiitupe!"

Nyumbani mama alijikasirikia mpaka machozi yakamtoka. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa midomo ya watu kuliko kukupoteza."

Asubuhi binti alimeza kidonge mbele yake, kisha akashika futi kwa mazoea. Mama akamnyang'anya, akachukua mkasi.

"Lete hilo shati la shule."

Kacha! Kacha! Mikono yote miwili ya shati ikakatwa juu ya kiwiko.

"Na mwenzako wa dawati akijisogeza pembeni?"

"Nitamwambia nina kifafa, hakiambukizi, na nikianguka anilaze ubavu."

"Mwambie kwa sauti," mama alisema akipinda shati. "Alama hizo hazijawahi kukudhuru. Kilichotaka kukuua ni kunyamaza kwangu."