Deki Mbili na Kanda ya Mama

Kila Jumamosi Chiriku aliamka, akasali, akafagia uwanja, kisha akafua sare yake ya shule. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya maneno mengi. Lakini tangu mama yake afariki, miezi mitano iliyopita, alikuwa akisema "ndiyo" na "hapana" tu. Hakuwa amelia. Watu walipompa pole aliwaambia "asante" kama anayeitikia salamu ya mpita njia.

Jumamosi moja baba yake alimkabidhi kanda ya video.

"Hii ndiyo pekee yenye sauti ya mama yako," alisema. "Mpelekee fundi wa video aihamishie kwenye kompyuta. Nitakukuta huko nikitoka kazini."

Alifuatana na binti wa shangazi yake, aliyemzidi mwaka mmoja na maneno mia.

Mezani kwa fundi kulikuwa na deki mbili za kuchezea kanda. Moja ilikuwa nyembamba, inang'aa, ina taa za buluu. Nyingine ilikuwa nyeusi, nzito, imejaa mikwaruzo na kitufe kimoja kimeng'oka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Ngojeni kidogo. Deki iliyokaa bila kazi hutafuna kanda. Nitaisafisha hii nyeusi, kisha niijaribu kwa kanda isiyo na maana. Nakwenda hapo jirani kuchukua spiriti."

Alipotoka tu, binti wa shangazi akacheka. "Hiyo nyeusi ina umri mkubwa kuliko babu! Weka kwenye hii nzuri, tumwone mama. Au unaogopa?"

"Hapana," Chiriku akasema, akaisukuma kanda ndani ya deki inayong'aa.

Deki ilinguruma, ikakwama. Alipoitoa kanda, utepe wake ulining'inia nje, umekunjamana.

"Mungu wangu! Urudishe ndani upesi! Hatajua."

Chiriku alizungusha gurudumu la kanda kwa kidole mpaka utepe wote ukaingia. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Fundi alirudi. Aliifungua ile deki nyeusi, akapangusa vyuma vya ndani kwa pamba yenye spiriti, akaijaribu kwa kanda kuukuu ya mechi ya mpira. Picha ikatulia.

"Haya, lete ya mama."

Chiriku alinyoosha mkono, lakini vidole vikakataa kuiachia kanda.

"Nimeiharibu," alisema. "Niliiweka kwenye ile nyingine. Utepe umekunjika."

Binti wa shangazi alitazama sakafu. "Mimi ndiye niliyemchochea, fundi."

Fundi hakukaripia. "Ile inang'aa tu, lakini imekaa mwaka mzima bila kazi," alisema. Alifungua kanda, akakata kwa wembe kipande kilichokunjamana, akaunga ncha mbili kwa gundi ya utepe.

"Sekunde chache zimepotea, hazirudi," alisema. "Ungeninyamazia, kipande hiki kingenasa na kukata kanda nzima."

Baba alifika wakati deki nyeusi inaanza kuzunguka. Chiriku alimweleza yote. Baba akaketi karibu naye.

Kwenye skrini mama alitokea mlangoni na beseni la nguo. "Wewe, acha kunipiga picha, sijachana nywele!" Picha ikaruka. Ghafla alikuwa ameketi, amempakata Chiriku akiwa mtoto mchanga, anacheka kitu ambacho hawakukisikia.

"Hapo katikati alisema nini?" Chiriku akauliza.

"Sikumbuki, mwanangu," baba akajibu. "Hicho tumekikosa. Haya mengine tumeyapata kwa sababu ulisema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Siku nyingine chagua chombo kwa kazi yake, usikichague kwa sura. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijala kilichobaki. Tumshukuru Mungu kwa hiki."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Bado hakulia. Alivuta kiti chake mpaka goti lake likagusa la baba.

"Fundi," alisema, "sasa kwa kuwa iko kwenye kompyuta, naomba uturudishie pale aliposema hajachana nywele. Alikuwa anasema hivyo kila siku. Kila siku, fundi! Hata akitoka kusuka."