Thabit Alingoja Kutajwa

Kila Jumanne Bi Kheiria wa Yiti, kijiji cha pwani ya Oman, alimwamsha mumewe mapema aende kliniki mjini. Thabit alikuwa na ugonjwa wa sukari. Njia yao ilikuwa ya changarawe na ilipita ndani ya wadi, bonde kavu la mawe. Mvua ikinyesha milimani, wadi hujaa maji na gari halipiti. Mwaka ule wa 2003 Thabit alikosa kliniki mara mbili, na mara ya pili dawa zikamwishia, akaanguka mlangoni. Kheiria aliogopa kweli.

"Nnataka mtu wa Majlis, baraza la nchi, aijue njia hii," alisema.

"Tungoje sheikh wetu anitaje kuwa mpiga kura," alijibu Thabit, akimimina kahawa. "Mwaka wa tisini na saba alinitaja mimi. Nikapiga kura kwa ajili ya nyumba nzima."

Thabit alikuwa mtu mwema, lakini kwa kungoja hakuwa na mfano wake.

Kheiria hakungoja. Alisikia kuna mzee wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mjini, aliye mjumbe wa Majlis. Akamwendea na barua, na sahani ya halua juu yake. Mzee alimpokea kwa heshima na akaisoma barua yote.

"Bibi, mimi sikuchaguliwa na wilaya yoyote," alisema. "Wa kupelekewa barua hii ni mjumbe wa wilaya yenu."

Kheiria alitoka amenuna. Halua yake imekwenda bure. Akapitia kwa Kawthar, mtoto wa kaka yake, karani katika ofisi ya wali, mkuu wa wilaya.

"Shangazi, umebisha hodi nyumba siyo," Kawthar alicheka. "Majlis ya Oman ina mabaraza mawili. Mzee wako yumo Majlis ya Dawla. Hao huteuliwa na Sultani: waliokuwa mawaziri, mabalozi, wataalamu. Ya pili ni Majlis ya Shura. Hao huchaguliwa na raia, kila wilaya na wake. Wilaya yenye watu zaidi ya elfu thalathini hutoa wawili, ndogo hutoa mmoja."

"Na kazi yao?"

"Husoma rasimu za sheria na kutoa rai. Sheria yenyewe hutolewa na Sultani. Na wa Shura hupeleka shida za wilaya zao serikalini."

"Basi sheikh akimtaja Thabit..."

"Zamani masheikh ndio waliotaja wapiga kura. Mwaka huu hakuna kutajwa, shangazi. Kila Muomani aliyetimiza miaka ishirini na moja, mke au mume, anajiandikisha mwenyewe. Daftari linafungwa mwisho wa mwezi."

Kheiria alitoa kitambulisho chake mkobani papo hapo. Alirudi nyumbani na kadi ya kupigia kura, akamwambia mumewe naye aende kujiandikisha.

"Sheikh atanitaja," alisema Thabit.

Wiki tatu baadaye alikutana na sheikh msikitini. "Mimi sitaji mtu tena," sheikh alimwambia. "Nimejiandikisha kama wengine." Thabit alikimbilia ofisini. Daftari lilikuwa limefungwa juzi.

Siku ya kura, mwezi wa Oktoba, Thabit alimpeleka mkewe kituoni. Aliyepigia kura nyumba nzima alikaa garini na birika la kahawa, na roho ilimuuma.

"Umemchagua nani?" aliuliza.

"Yule aliyekuja Yiti, akavua viatu, akalipita wadi kwa miguu."

Mtu huyo alishinda, na barua ya Kheiria ikapata mwenyewe, akaifikisha serikalini. Njia haikutengenezwa mara moja. Lakini kabla ya mvua za mwaka uliofuata, wagonjwa wa Yiti walianza kupewa dawa za miezi miwili kwa mpigo. Wadi likajaa, na Thabit akanywa dawa zake nyumbani kwa raha.

Miaka minne ikapita, daftari likafunguliwa tena. Asubuhi ya kwanza Kawthar alimkuta Thabit amekaa kwenye ngazi za ofisi, kitambulisho mkononi, mlango haujafunguliwa.

"Ami Thabit, sheikh amekutaja?"

"Nimejitaja mwenyewe," alisema Thabit. "Fungua mlango, mwanangu."