Ukuta Mnene wa Bwalo la Maofisa

Siku yenyewe ilianza kawaida kabisa. Dada yetu mkubwa, mpima majengo, aliamka, akagombana na pasi, akameza chai ya moto kwa pupa, akaenda kupima bwalo la zamani la maofisa wa jeshi. Jengo lilikuwa linageuzwa ukumbi wa mikutano. Kazi yake ilikuwa kuchora kila ukuta kama ulivyo, na kwa mara ya kwanza mchoro ungetoka na jina lake, si la mkuu wake. Ndiyo maana hata viatu alivipiga rangi.

Aliyewapokea alikuwa kanali mstaafu, mwangalizi wa jengo, mzee mnyoofu kama mlingoti. Aliwatembeza Dada na mwenzake wa kazi, ambaye ofisi nzima inamwita Futi kwa sababu hata msibani anakwenda na kamba ya kupimia kiunoni.

Na jengo, tuseme haki, lilikuwa zuri. Baraza la matao mbele. Sakafu ya mbao iliyosuguliwa mpaka inakurudishia sura yako. Dari refu la kumfanya mgeni ajione mdogo, na ngao za vikosi zimepangwa ukutani kama meno. Mawe yote yalichongwa na watu ambao, kazi ilipokwisha, hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele. Wapishi na wahudumu walikuwa na mlango wao nyuma, mwembamba, wa kupita kiubavu.

"Nyuma ya ukuta huu kulikuwa na ujia," kanali alieleza kwa fahari walipofika ukumbi wa kulia. "Mhudumu anasimama humo, kimya. Ofisa akigonga glasi kwa kijiko mara mbili, anaitika, anapitisha sahani kwenye kidirisha. Humwoni hata kidogo. Nidhamu hiyo, binti!"

"Na yeye alikuwa anawaona?"

"Alikuwa anawasikia," kanali akasema. Kisha akajing'ata ulimi. "Ujia ulijazwa mawe. Zamani hizo."

Wakapima. Nje, ndani, chumba kwa chumba. Dada akajumlisha, akakunja uso, wakapima tena. Vyumba vyote vikiunganishwa havikufikia urefu wa nje.

"Bosi, hili jengo linatuibia," Futi akasema. "Limeficha upana wa mtu mzima. Tena mtu aliyeshiba."

Walicheka. Pengo lilikuwa nyuma ya ukumbi wa kulia, palepale. Ukitaka kujua kama ukuta una uwazi, unaugonga. Dada akageuza penseli, akagonga mara mbili kwa ncha yake butu. Ko, ko.

"Naam, afande."

Sauti ndogo. Ya adabu. Ilitoka usawa wa sikio lake, ndani ya mawe.

Jua la mchana lilikuwa limejaa madirishani. Futi aliacha kucheka, mdomo ukabaki wazi.

"Umesema kitu?" Dada akanong'ona.

"Mimi? Hata pumzi nimeishika."

Kanali alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza ni nani aliyesema. Aliuliza, polepole, "Amesema nini?"

Mzee akajifuta jasho.

"Mhudumu mmoja alisikia maofisa wakipanga jambo la siri," akasema kwa sauti ya chini. "Asubuhi yake fundi aliitwa aje kuuziba mlango wa ujia kwa mawe, yeye akiwa mle ndani. Maofisa wenyewe sasa wana wajukuu. Chora ukuta, binti. Usichimbue."

Dada alitoka barazani akampigia mkuu wake simu. Alieleza habari ya uwazi. Habari ya sauti hakuieleza, angeanzaje?

"Uwazi?" mkuu akafoka. "Ukichora uwazi lazima ubomolewe ukaguliwe, na kazi yote isimame! Zege linamwagwa kesho. Unenepeshe ukuta, mama. Kwani ni mara ya kwanza?"

Haikuwa mara ya kwanza. Kila mchoraji amewahi kufanya hivyo: vipimo vikigoma, unagawa tofauti kwenye unene wa kuta, karatasi inatulia, maisha yanaendelea. Lakini hapa hakuwa anagawa tofauti. Alikuwa anamgawa mtu. Na hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo, kwa sababu dada yetu si mjinga wala si katili. Alijua kuna mtu mle anayestahili kutolewa na kuzikwa. Akafikiria jina lake chini ya mchoro. Akajaza wino mweusi pale palipokuwa na ujia, akaweka sahihi.

Futi aliuangalia mchoro. "Bosi, mimi hapa sikupima," akasema, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mafundi walipanda juu ya ukuta kumwaga zege la kubebea paa jipya. Wakamwaga. Likazama.

"Oya, ukuta unakunywa!" fundi mmoja akaita. Msimamizi akamgeukia Dada. "Mpimaji, mchoro wako si unasema ni mawe matupu?"

Angesema neno moja tu, kazi ingesimama.

"Ni nyufa," alisema. "Ongezeni."

Mashine ikanguruma. Ndoo zikapanda. Dada alikuwa ameegemea ukuta, na kupitia kiganja alichokibandika pale alisikia mtu akigonga kutoka ndani. Chini, usawa wa magoti. Kisha kiunoni. Kisha kifuani. Zege lilipanda, na mkono uliokuwa ukigonga ulipanda nalo. Hakuna mwingine aliyegeuza kichwa.

"Naam, afande."

Shingoni.

"Naam."

Juu ya kichwa chake sasa. Haraka. Haraka zaidi.

"Na—"

Ukuta ukajaa. Mafundi wakapiga makofi.

Mchoro ulitoka na jina lake. Alipandishwa cheo. Mama alipokwenda kumtembelea alimkuta amekonda, anakula amesimama jikoni, mkono ndani ya sufuria, mgongo ameukandamiza kwenye friji.

"Mwanangu, meza si hiyo hapo? Na chakula umeshapakuliwa."

"Sijapakua, Mama."

"Basi nani amekuandalia? Humu unaishi na nani?"

Dada alianza kulia, bila sauti, kama mtoto aliyekatazwa. "Nilimchora ukuta, Mama. Nilimsikia, nikamchora ukuta. Sasa kila nikiona njaa, ananiandalia. Hakasiriki. Angekasirika ingekuwa nafuu."

Mama hakuelewa. Alikwenda mezani kuitoa ile sahani. Chakula kilikuwa kinafuka mvuke, kimepangwa kwa adabu, kijiko kulia. Ukingoni palikuwa na alama ya dole gumba, ya kijivu.

Mama aliigusa. Zege lilikuwa bado bichi.