Meza ya Mlangoni

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni fundi cherehani. Mimi kazi yangu ni vifungo, na maneno. Kila asubuhi tunafagia, tunapaka cherehani mafuta, tunakaa. Katika jengo tulilopanga, meza yetu iko nyuma, ukutani. Meza ya mlangoni ni ya fundi mwenzetu tunayemwita Kicheko, maana haachi kucheka.

"Mama, umeona?" mkwe wangu alininong'oneza. "Mteja mwingine kwake! Mwenye jengo anampendelea."

"Nimeona. Shona."

Alikanyaga cherehani, macho yakiwa mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Akirudi nyumbani halali. Kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Chakula anakiacha, Kicheko hamwachi.

Siku moja muuguzi wa zahanati alikuja kujaribu sare tuliyomshonea. Ikimpendeza, atatuletea kazi ya wenzake wote. Akaivaa. Mkono mmoja ulikaa vizuri. Wa pili ulimvuta bega nyuma, kama mtu anayekamatwa.

"Fundi, mbona mikono yote ni ya kushoto?"

Mkwe wangu akaangua kilio. "Ni yule! Yeye kapewa mlango, mimi nimetupwa ukutani!"

Muuguzi hakufoka. Alitoa kipimo cha presha mkobani, akampima mkwe wangu. Presha ilikuwa juu.

"Dada, mtu akijiona anaonewa kila siku, mwili haupumziki. Usingizi unapotea, presha inaweza kupanda, kazi inaharibika. Njoo zahanati, kipimo kimoja hakitoshi. Halafu, uliwahi kuuliza meza zilipangwaje?"

"Niulize nini na mimi najua?"

"Unajua, au unahisi? Kama umeonewa, dai haki yako. Kama hukuonewa, tua huo mzigo."

Mimi haya zilishaniisha. Nikapaza sauti: "Kicheko! Njoo, mkwe wangu ana swali!"

Mkwe wangu alinitazama kama anataka kunimeza. Lakini aliuliza.

Kicheko akaacha kucheka. "Mwenye jengo alipanga peke yake. Hakutuuliza. Na mimi nakuonea wivu wewe! Jua linanichoma, vumbi linanichafulia vitambaa. Wewe uko kivulini kama bibi harusi!"

Wakaenda pamoja kwa mwenye jengo. Walirudi na jibu: kila mwezi watabadilishana meza, na mtu asipangiwe tena bila kuulizwa.

Mkwe wangu alikata mkono mpya, akaushona akiutazama. Muuguzi alijigeuza kwenye kioo, akaridhika. Kazi ya zahanati ikaja, nyingi, tukagawana na Kicheko. Zahanati walimpima tena mkwe wangu, wakampa dawa. Anazimeza, na presha imeshuka. Usiku anakoroma, mwanangu ndiye analalamika sasa.

Mwezi huu mlango ni wetu. Jana alijifuta jasho, akachungulia kule nyuma.

"Mama, umeona Kicheko anavyostarehe kivulini?"

Nikamwonyesha cherehani kwa kidole.

Akacheka mwenyewe. Akageuza kitambaa, akahakikisha mkono ni wa kulia, akashona.